Sizalifti ya 24V: sensa ya spidi ni mpya lakini kodi ya hitilafu inarudi ileile

nati_na_bolti

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo kwenye sizalifti moja ya umeme (lifti ya jukwaa linalonyanyuliwa na vyuma vya mkasi), ina betri nne za 6V zimefungwa kwa mfululizo zinatoa 24V, mota za kutembelea ziko mbili na zimekaa kwenye tairi za mbele ambazo ndo hizohizo zinakata kona. Kila mota ina sensa yake ya spidi. Tatizo ni kwamba ukiiwasha inaondoka vizuri kabisa, unaweza kuizungusha godauni zima bila shida, halafu ghafla inashtuka, breki zinafunga, skrini inaandika hitilafu ya sensa ya spidi mota ya kushoto, na kuanzia hapo inatambaa kama kinyonga hata ukisukuma joistiki mpaka mwisho. Ukizima funguo ukawasha tena inakuwa nzima kama hakuna kilichotokea.

Mashine imenifikia sensa ya kushoto ikiwa tayari imeshabadilishwa, ni mpya na plagi yake bado inang'aa, na walioileta wanataka niweke nyingine kwa sababu wanasema hii itakuwa feki. Mimi sijashawishika. Jukwaa linapanda na kushuka bila tatizo, betri nimezichaji zikajaa na maji yako sawa. Nianzie wapi kabla sijamwambia mwenye mashine anunue kitu kingine?

Fundi Kabari

Mkuu usinunue chochote kwanza. Hii kodi inawapoteza mafundi wengi kwa sababu ya jinsi ilivyoandikwa, mtu akiona neno sensa anakimbilia sensa. Kontrola (kompyuta inayoendesha mota) haiwezi kujua kama sensa ni nzima au mbovu. Inajua vitu viwili tu, kwamba imepeleka umeme kwenye mota, na kwamba mapigo ya kuonyesha mota inazunguka hayajafika au yamefika kwa namna isiyoeleweka. Ikishaona hivyo vitu viwili havikubaliani inaandika sensa, inafunga breki na kukuwekea spidi ya kutambaa ili ujitoe ulipo.

Sasa jiulize swali moja kabla ya yote, wakati kodi inatokea tairi la kushoto lilikuwa linazunguka au lilikuwa limesimama? Hapo ndo njia zinapogawanyika. Kama tairi lilisimama, basi sensa imesema kweli tupu, haina mapigo ya kutuma, na ugonjwa uko kwenye breki au mota yenyewe. Breki za hizi mashine zinafungwa na springi na kuachiwa na umeme, kwa hiyo ukikata umeme zinafunga, na ikitokea koili imechoka au waya wake una mguso mbovu au sahani zimeshika kutu baada ya mashine kulala kwenye unyevu, mota inasukuma huku breki imekamata na kontrola inaishia kuandika sensa. Sogeza sikio karibu na mota wakati mtu anagusa joistiki, lazima usikie "tak" pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukiwa kimya au ukichelewa, pima volti kwenye plagi ya breki hapohapo wakati wa kutembea. Volti zipo na breki haiachii, breki ni mbovu. Volti hazipo, rudi nyuma kwenye waya.

Kama mota zako ni za DC za kaboni brashi, fungua uangalie hizo brashi pia, zikiwa fupi mota inakata na kushika, na ule unga mweusi wa kaboni ukijaa ndani unapitisha umeme mahali usipotakiwa.

Tuambie na hili, kodi inatokea wakati gani hasa? Kwenye kona? Ikipita kwenye kibonde? Ikishapata moto?

JukwaaLaPili

Chomoa plagi ya sensa weka multimita kwenye omu, pima sensa mpya halafu pima ile ya kulia ulinganishe, zikipishana sana basi ya kushoto ni feki kweli. Njia ya haraka ya pili, hamisha plagi ya kulia uipeleke kushoto na ya kushoto kulia, kodi ikihamia upande mwingine umeshapata jibu.

dada_umeme

JukwaaLaPili samahani kaka, hayo mawili yote naomba tuyaangalie vizuri maana mtu anaweza kuharibu kitu.

Kupima omu kunafaa kwenye sensa za waya mbili, zile za koili na sumaku ambazo zinazalisha umeme zenyewe jino la chuma likipita mbele yake. Hizo kweli ukipima unapata mamia ya omu mpaka elfu moja na zaidi, na ukizungusha mota unaona volti za AC zinapanda kadiri spidi inavyopanda. Lakini mashine nyingi za umeme za siku hizi zina sensa aina ya Hall, zinazohisi sumaku, za waya tatu au nne, ambazo ndani yake kuna saketi ya elektroniki. Hiyo ukiiwekea omu utapata namba yoyote kutegemea mita yako na umeshika waya upi na upi, sensa mbili nzima kabisa zinaweza kukupa namba tofauti. Utatupa kitu kizima.

Kuhusu kubadilishana plagi, kwenye mota za DC kwa spidi ndogo kwenye sakafu tambarare na mbele pameachwa wazi, inaweza kukusaidia. Kwenye mota za AC usifanye kabisa. Kontrola ya AC inatumia hayo mapigo kuamua mota ipelekewe umeme wa masafa gani kila wakati, sasa ukiipa habari za mota nyingine, tairi la ndani na la nje ya kona hayaendi spidi moja, itaanza kutetemeka au kuruka na wewe umesimama mbele yake.

nati_na_bolti, fanya hivi. Jukwaa liwe chini kabisa, weka kabari tairi za nyuma, piga jeki mbele halafu weka stendi chini ya fremu, jeki peke yake haitoshi. Tairi zote mbili za mbele ziwe hewani. Kama una kile kifaa cha kusomea kontrola, fungua ukurasa wa spidi za mota, kushoto na kulia, mwenzako aendeshe taratibu. Namba zikienda sawasawa huku tairi zinazunguka, endelea kuangalia huku anakata kona mpaka mwisho kushoto halafu mpaka mwisho kulia. Angalia namba ya kushoto kama inaanguka sifuri ghafla huku tairi linaendelea kuzunguka. Ikianguka hivyo, breki na mota umeshazitoa kwenye orodha, baki na sensa na waya wake.

Kisha chukua multimita, weka volti za DC, na upime plagi ikiwa imechomekwa, ingiza sindano nyembamba kwa nyuma ya plagi pembeni ya waya bila kutoboa ngozi ya waya. Kwenye sensa ya Hall ya chaneli mbili (waya mbili za kupeleka mapigo, A na B) unatafuta vitu vinne. Umeme wa kulisha sensa, mara nyingi ni 5V ingawa kuna zinazotumia 12V, kitabu cha mashine kitakwambia. Hasi yake, ambayo ukiipima dhidi ya hasi ya kontrola isizidi sehemu ndogo sana ya volti, ikionyesha nusu volti au zaidi kuna mguso mchafu njiani. Halafu chaneli A na chaneli B. Mota ikiwa imesimama kila chaneli iwe ama karibu na sifuri ama karibu na volti za kulisha. Mota ikizunguka, multimita ya kawaida haiwezi kukimbizana na mapigo, itakuonyesha wastani, yaani karibu nusu, kwenye 5V utaona kama 2.4 au 2.5. Ukiona hiyo nusu, chaneli inafanya kazi. Ukiona imeganda juu au imeganda chini wakati mota inazunguka, chaneli haifiki.

nati_na_bolti

Asanteni sana, kweli nimepata pa kushika. Nimerudi kwenye mashine na haya ndo niliyoyaona.

Breki zote mbili zinapiga "tak" pamoja, volti zinafika sawa. Mota ni za AC na plagi ya mota ina waya nne za sensa ya spidi pamoja na mbili za sensa ya joto. Nimenyanyua mbele kama dada alivyosema. Kwenda mbele moja kwa moja namba za kushoto na kulia zinalingana kabisa. Kukata kulia mpaka mwisho, safi. Kukata kushoto, ikifika karibu na mwisho namba ya kushoto inarukaruka halafu sifuri, breki zinafunga, kodi hiyo. Nimerudia ikajirudia, kila mara ni mwisho wa kona ya kushoto.

Umeme wa kulisha ni 4.9V na haushuki hata ikikata kona. Hasi iko safi. Chaneli A inaonyesha 2.4 muda wote. Chaneli B ndo ina maajabu. Nikipima kwenye plagi ya kontrola, moja kwa moja inaonyesha 2.4, kona ya kushoto inaruka mpaka 4.8 na kuganda hapo. Nikasema sensa imekufa chaneli moja. Lakini nikipima kwenye plagi ya sensa, kona ileile ya kushoto, B inashuka sifuri. Upande mmoja 4.8, upande mwingine sifuri, waya ni huohuo mmoja. Hapa nimekwama, sensa inatoa nini sasa?

dada_umeme

Umeshalipata kaka, hapo hapo.

Sensa nyingi za aina hii hazitoi volti kwenye waya wa chaneli. Kazi yake ni kuuvuta ule waya chini kwenye hasi na kuuachia, kuvuta na kuachia. Zile volti tano unazoziona kwenye chaneli zinatoka ndani ya kontrola kupitia rezista. Kwa hiyo waya wa B ukikatika katikati ya safari, upande wa kontrola hakuna anayeuvuta chini, unabaki juu 4.8 muda wote. Upande wa sensa hakuna anayeupandisha, unabaki sifuri. Vipimo vyako vinaonyesha hilo wazi, B imekatika kati ya kontrola na sensa, na inakatika pale tu waya unapovutwa kwenye kona ya kushoto. Sensa yako mpya ni nzima, na naamini hata ile ya zamani waliyoitupa ilikuwa nzima.

Ungeona A na B zote mbili zimeganda juu kwenye kontrola kwa pamoja, ningekwambia angalia waya wa kulisha sensa au hasi yake, maana sensa ikikosa umeme inashindwa kuvuta chaneli zote mbili.

Fuata fungu la waya kutoka kwenye mota mpaka pale linapofungwa kwenye fremu. Pale pa kupindia karibu na nguzo ya kona, shika waya mmoja mmoja ukunje taratibu kwa vidole. Waya uliokatika shaba ndani na ngozi ikabaki nzima unaujua kwa mkono, mahali pamoja panakunjika kirahisi kuliko kwingine, na ukivuta kidogo ngozi inarefuka kama mpira kwa sababu ndani hakuna kinachoishikilia.

Fundi Kabari

Dada amemaliza, hapo sina nyongeza kwenye kipimo. Naongezea kwa wengine watakaosoma huu uzi wakiwa na kodi hiihii lakini dalili tofauti, maana hiki ni kisa cha kona tu.

Kuna ya umeme wa kulisha kuanguka. Kontrola nyingi zinatoa 5V moja kwa vitu kadhaa, sensa za spidi, sensa ya kupima kona, wakati mwingine na joistiki. Kimoja kikipiga shoti kinazivuta zote chini na wewe unaona kodi ya sensa ya mota. Chomoa kimoja kimoja huku unaangalia volti, itakaporudi juu umempata mwenye kosa.

Kuna ya waya za A na B kugeuzwa, hii inatokea baada ya mtu kubadilisha sensa au kushona plagi upya. Mota ya AC ikipata A na B kinyume inaamini inarudi nyuma wakati inakwenda mbele, inatetemeka papo kwa papo, inanguruma, inakula umeme mwingi na haisogei. Kama mashine ilikuwa nzima jana na leo baada ya matengenezo inatetemeka hivyo, geuza hizo mbili kabla ya kufikiria kontrola.

Na kuna ya kubadilisha kontrola au mota halafu idadi ya mapigo kwa mzunguko mmoja isilingane na iliyowekwa kwenye programu. Kuna beringi zenye sensa ndani, za mapigo 32, 48, 64, 80. Mota ikiwa ya 64 na kontrola inaamini ni 80, spidi inayosomwa si ya kweli na mota inakosa nguvu au inakwenda kwa kusitasita. Soma kibati cha mota, usikisie.

Kwenye mitambo ambayo sensa imefungwa kwa bolti mbele ya gia yenye meno, kuna na nafasi kati ya ncha ya sensa na jino. Aghalabu ni kama milimita moja hivi au pungufu, kitabu cha mashine ndo kitoe namba kamili. Ncha ikishika vumbi la chuma, mapigo yanapotea kwenye spidi ndogo kwanza. Itoe, ifute, irudishe kwa kipimo.

kebo_ndefu

Mimi naomba niulize hapohapo wakuu, yangu ni bumu lifti (ile ya mkono mrefu unaonyanyuka), inatambaa vilevile lakini haiandiki kodi yoyote, skrini safi. Nayo nitafute waya wa sensa?

Fundi Kabari

Hapana mkuu, hiyo ni habari nyingine. Mashine ikitambaa bila kodi, mara nyingi inaamini kwamba bumu liko juu. Hizi mashine kwa makusudi zinapunguza spidi ya kutembea ukishanyanyua, nyingi zinashuka mpaka karibu kilomita moja kwa saa, kwa sababu ukiwa juu hata mshtuko mdogo wa chini unakuwa mkubwa kule ulikosimama. Kuna limiti swichi au sensa ya pembe inayosema bumu limelala. Ikishindwa kusema hivyo, kwa tope au mkono wa swichi uliopinda au waya uliotoka, kontrola inachukua upande wa usalama na kukuacha unatambaa. Shusha kila kitu mpaka mwisho, nenda ukaangalie hiyo swichi kama kweli inabonyezwa. Angalia pia kama hujaweka swichi ya spidi kwenye alama ya kobe, hilo wengi wanalisahau.

Na tafadhali usiifunge hiyo swichi kwa waya ili iendelee kukimbia. Nimeona mashine imefungwa hivyo, na aliyeko juu hana habari kwamba kinachomlinda kimeondolewa. Mtu atapiga joistiki mpaka mwisho akiwa mita nyingi juu. Hili nalisema kwa wote, iwe sensa iwe swichi, usidanganye kontrola.

nati_na_bolti

Nimeupata. Nyuma ya nguzo ya kona ya kushoto, chini ya kebotai ambayo mtu aliikaza sana, fungu zima la waya lilikuwa limebanwa mahali pamoja kwa hiyo kila ikikata kona linakunjika hapohapo tu. Ngozi ya waya wa B haina hata mkwaruzo. Nilipovuta kidogo ikarefuka kama alivyosema dada, nikapasua, shaba imekatika na nyuzi zimegeuka kijani.

Swali langu la mwisho, nishone tu hapo na solda niweke mpira wa kusinyaa kwa moto au nibadilishe kipande chote? Na ile ngao ya nje ya waya za sensa, niikamate kwenye hasi pande zote mbili?

dada_umeme

Usiweke solda mahali panapokunjika. Solda inafanya waya uwe mgumu pale ilipoishia, na shaba itakatika tena kando yake, utarudi kwenye mashine hiyohiyo na kodi hiyohiyo. Badilisha kipande chote kutoka pale fungu linaposhikwa kwenye fremu mpaka plagi ya mota, tumia waya laini wa nyuzi nyingi nyembamba, A na B na waya zake za umeme zisokotwe pamoja, na viungo vyote viwe upande wa fremu pasipotembea. Ngao ishikwe upande mmoja tu, wa kontrola, ukishika pande zote mbili inageuka kuwa njia ya umeme na inakuletea kelele za umeme badala ya kuzizuia. Waya za sensa zisiambatane na kebo nene za mota zikiwa zimefungwa pamoja, ziachanishe, na pale zinapolazimika kupishana zipishane kwa msalaba.

Acha ulegevu wa kutosha, uhakiki kwa kukata kona mwisho hadi mwisho pande zote, waya usikaze popote na usiguse tairi wala ringi. Kebotai ikamate bila kubana.

Ukishamaliza futa kumbukumbu za kodi, endesha tairi zikiwa hewani, kisha chini, mbele na nyuma, kona zote, na angalia hizo namba mbili za spidi.

Jambo moja zaidi kabla hujaikabidhi. Waya za breki ya mota ya kushoto zinapita kwenye fungu hilohilo lililobanwa, chini ya kebotai hiyohiyo. Zikague sasa hivi fungu likiwa wazi, waya kwa waya, kama ulivyofanya kwa B. Ukikatika waya wa breki, springi inafunga na mashine inagoma kutembea, hapo hakuna atakayeumia. Lakini ngozi ikiisha na waya ukagusana na wenye chanya, breki inaweza kubaki imeachia wakati mwendeshaji ameshaachia joistiki. Badilisha nazo kama zina alama yoyote ya kubanwa, halafu fanya jaribio la breki kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, tairi zote zikiwa chini, kabla mtu hajapanda juu.